Mikono ya Mtetemo

9 Januari 1988

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, umekunywa chai, na hujamkemea mtu tangu asubuhi. Sisi hapa tu wazima. Baba anakusalimu. Goti linamsumbua lakini hataki kusikia habari za hospitali, anasema hamu ya hospitali ulimmalizia wewe dada yake mlipokuwa watoto, ulipokuwa ukimfunga bendeji mwili mzima na kumkataza kucheza. Mama naye hajambo, ila amechoka kumsikiliza Baba.

Sasa jambo lenyewe. Wodi mpya ya watoto hapa hospitalini kwako imeshaezekwa, itafunguliwa Julai. Mganga mkuu aliitisha kikao akauliza ipewe jina la nani. Hata hajamaliza kusema, mzee wa stoo, yule uliyemfundisha kukunja shuka kwa kupima na rula, akadakia: "La Sista Pasi. La nani tena?" Kikao kikaishia hapo. Miaka kumi na mitatu tangu ustaafu, Shangazi, na bado wanakuogopa. Mpishi aliposikia jina lako hilo la sare zilizopigwa pasi alifunga kifungo cha shingoni.

Mimi, kwa kuwa ni muuguzi hapa na ni damu yako, nimepewa kazi ya kuandika maisha yako, ukurasa mmoja, usomwe siku hiyo. Nimeanza hivi: "Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvaa sare ya uuguzi katika hospitali hii. Kipindupindu kilipoingia, alitembea kwa miguu siku mbili akiwa na dawa kichwani, na mkuu wa wilaya akaguswa, akajitolea kukaa na wagonjwa siku kumi." Niambie kama ndivyo ilivyokuwa. Tena mganga mkuu anataka na kosa moja, anasema watu hawataamini habari za mtu asiye na kosa. Je, kuna mahali uliwahi kukosea?

La mwisho ni siri ya wawili. Yule mwalimu wa hesabu anataka kuja nyumbani kujitambulisha. Baba hajui, Mama hajui. Ni mtu mpole, hukunja leso yake mara nne kabla ya kuirudisha mfukoni. Nishauri, halafu barua hii uichome.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.


20 Februari 1988

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na shughuli, usiniulize zipi.

Ripoti ya hapa ni hii. Mimi: joto la kawaida, chakula nimemaliza, usingizi mzuri, choo kizuri. Fundi viatu, jirani yangu: anakohoa, sigara hataki kuacha, hali yake haitishi ila inaudhi. Mkewe: mzima kupita kiasi. Kuku: wanne, mmoja nimemtenga kwa uchunguzi. Mwambie baba yako akikaa aweke mguu juu ya stuli, na aache kujifanya shujaa, mimi ndiye niliyekuwa nikimtoa miiba na makelele yake nayakumbuka.

Maisha yangu umeyatia chumvi mpaka hayaliki. Sikutembea siku mbili. Nilipanda baiskeli ya karani, nikaingia nayo mtaroni, chupa sita zikavunjika mbili. Na dawa haikuwa kichwani. Nani anaendesha baiskeli na dawa kichwani? Mkuu wa wilaya naye hakujitolea kitu. Alikuja kukagua, akashika vyombo vya wagonjwa, akachukua ndizi akala bila kunawa. Nikafunga mlango, ufunguo nikautia mfukoni. Siku mbili za kwanza alipiga mlango na kunitishia kazi. Ya tatu alinyamaza. Ya nne aliomba kazi ya kufanya. Aliosha mabeseni vizuri kuliko wauguzi wangu wawili, na alipotoka akatia saini vyoo ishirini vichimbwe, ambavyo nilikuwa nimeviomba miaka mitatu. Andika hivyo. Akiwa hai atakasirika, lakini atakasirika akiwa msafi.

Usisahau kuandika habari za wagonjwa wa ukoma. Waliniambia wodi yangu haiwapokei, nikauliza wodi ni ya nani. Sheria yangu ya kwanza unaijua, mgonjwa hachaguliwi.

Kuhusu mwalimu, mke wa Fundi anasema mwanamume anayekunja leso mara nne atakuja kukukagulia masufuria. Mimi nasema mtu anayejua kukunja kitu ashikwe, wamebaki wachache.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama niliwahi kukosea, hilo ndilo hasa lililonichelewesha. Nimeamua nikujibu. Nageuza ukurasa, maana


6 Machi 1988

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia hali yako na ya kuku. Baba ameweka mguu kwenye stuli na sasa anadai aletewe kila kitu hapohapo. Kwa hiyo goti lake limepata nafuu na miguu ya Mama imeanza kuuma.

Shangazi, ukurasa wa pili ulikuja mweupe.

Nilidhani umekosea bahasha. Kisha nikaunyanyua dirishani, nikaona mikwaruzo. Kalamu yako ilikwisha wino, nawe ukaendelea kuandika ukurasa mzima bila kujua. Nimeupaka penseli taratibu nione kilichoandikwa. Sehemu kubwa haikusomeka, ila mstari wa mwisho umetoka: "mwanafunzi yule hakuwa na kosa. Hilo usiliandike."

Mwanafunzi gani?

Wala si hilo tu. Mistari yako ya ukurasa wa kwanza imenyooka mno, na kila herufi yenye mkia imekatwa mkia. Mimi najua mwandiko wa namna hiyo hutoka wapi. Ulikuwa ukiwafundisha wagonjwa waliofungwa macho: weka kipande cha kadibodi kwenye karatasi, andika juu ya ukingo wake, mstari ukiisha sogeza chini. Mikia ya herufi hugonga kadibodi ikakatika. Nilikuwa mtoto, nilikaa kwenye stuli ya wodini kwako nikakuona ukiwafundisha.

Tena nauliza kwa heshima zote, mke wa Fundi amejuaje habari za leso? Unasema umeisoma barua yangu mara mbili. Ya kwanza ilisomwa na nani, na ya pili na nani?

Shangazi, huoni. Najua huoni, na nimeumia kwamba umenificha. Kuna daktari wa macho hufika hapa mara mbili kwa mwaka, wiki moja moja. Atakuwepo Julai, wiki ileile ya ufunguzi wa wodi. Nitakuandikisha. Mtoto wa jicho hutolewa kwa nusu saa, wewe unajua kuliko mimi. Niambie ndiyo.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda.


2 Aprili 1988

Mwanangu,

Marahaba. Hapa sote salama. Kuku aliyetengwa amepona, amerudi kazini.

Macho yangu hayana neno. Ukurasa wa pili niliuacha mweupe makusudi ili upumzishe yako. Mikia ya herufi nimeipunguza kwa sababu ya umri, si kila kitu lazima kiburuzwe. Fundi huwa ananisomea barua kwa kuwa ana sauti nzuri na mimi mikono yangu inakuwa na unga. Basi. Hakuna mwanafunzi yeyote, penseli yako imesoma vibaya.

Nimelaza watu hospitali kwa miaka thelathini na miwili. Kitandani nawajua wanavyokuwa. Wanapigwa pasi ya maneno na watoto wadogo wenye kofia za uuguzi, wanaulizwa "tumekula leo?" kana kwamba tulikula wote. Mimi sitalala kule nikaulizwa tumekula. Usiniandikishe.

Endelea kuandika maisha yangu. Hayo hayahitaji macho.

Shangazi yako, mzima.

Nyongeza: Mimi ni Fundi. Nimepewa bahasha nibandike stempu tu, lakini nimeona nisikae kimya. Dada, huyu mama haoni. Juzi Jumanne alimkemea mtu kwa kusimama mlangoni kwangu akiwa amepinda mgongo na mikono inaning'inia. Alimkemea dakika nzima. Lilikuwa koti la mteja. Wiki iliyopita alimimina chai nje ya kikombe, akakilaumu kikombe. Mimi namwogopa, siwezi kumwambia kitu. Mwalimu sisi hapa tumempitisha, mke wangu tu ndiye bado.


25 Aprili 1988

Shangazi mpendwa, na Fundi unayemsomea,

Shikamoo Shangazi. Fundi, hujambo? Ahsante kwa nyongeza yako.

Nyumbani habari ni nzuri. Mwalimu alikuja Jumapili. Baba alimkalisha karibu na stuli, akamuuliza maswali mpaka jasho likamtoka. Alipotoa leso kujifuta, akaikunja mara nne, Baba akaacha kuuliza. Baadaye akaniambia, "Huyu angepita hata kwa dada yangu." Hajajua jinsi alivyokuwa karibu na ukweli.

Fundi, aya hii usimsomee Shangazi. Ni yako peke yako, nataka unisaidie kumbembeleza bila yeye kujua. Daktari wa macho nimeonana naye, alipita hapa kukagua chumba cha upasuaji. Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi wa Shangazi mwaka 1961, wenzake wakimwita Mtetemo. Nimekwenda stoo nikalifukua daftari la wanafunzi la mwaka huo. Mwandiko ni wa Shangazi, mikia yote ipo: "Mwanafunzi wa kumi na moja. Mtihani wa vitendo: ameangusha trei mbele ya wakaguzi. Mikono inatetemeka. Isikaribie mgonjwa." Alifukuzwa siku hiyohiyo. Akaenda kusoma mbali, leo ndiye daktari pekee wa macho kwa mikoa mitatu. Nilipomtajia jina la Shangazi, daktari alikuwa ameshika kikombe, chai yote ikaishia kwenye kisahani. Akaniambia, "Nimepasua macho zaidi ya elfu mbili, mikono haijatikisika hata siku moja. Lakini mama yule akiingia chumba kimoja na mimi nakuwa na miaka ishirini na moja. Simpasui. Mtafutieni mtu mwingine." Mwingine hayupo, Fundi. Muuguzi wa macho ameniambia Shangazi akingoja mwaka mwingine jicho lenyewe linaweza kuharibika, na hapo hata daktari mwenyewe hatakuwa na la kufanya. Sijui nianzie wapi. Huyu hataki kupasuliwa, yule hataki kupasua. Nisaidie, ila usimwambie.

Mwisho wa aya ya Fundi. Shangazi, huku mvua imeanza, na maisha yako nimeyafikisha kwenye vyoo ishirini.

Mtoto wa kaka yako.


10 Mei 1988

Mwanangu,

Marahaba. Ripoti ya hapa: mimi, joto limepanda. Sababu utaisikia.

Ulimwambia Fundi asinisomee aya ya tatu. Fundi alisoma hivi, kwa sauti anayoitia wateja: "Fundi, aya hii usimsomee Shangazi." Kisha akavuta pumzi, akaisoma. Nilipomuuliza akili yake iko wapi, alisema yeye akianza kazi haiachi katikati. Walikuwepo wateja watatu, mkewe, na mtu aliyekuja kuuliza njia. Wote wamesikia. Yule wa njia hakuondoka mpaka mwisho.

Kwa hiyo Mtetemo amekataa. Yeye. Amenikataa mimi!

Nimekaa na neno hilo siku nne. Mimi kukataa ni haki yangu, jicho ni langu. Lakini yeye kukataa ni kosa, na nilimfundisha hivyo wiki ya kwanza kabla hata hajapewa sare. Mwulize sheria yangu ya kwanza inasemaje. Kama ameisahau, basi nilifanya vema kumfukuza. Kama anaikumbuka, mwambie nakuja Julai, na anipokee kama mtu yeyote anayefika mlangoni.

Usidhani umenishinda. Nakuja kwa sababu sitaki mwanafunzi wangu awe na mgonjwa aliyemkimbia.

Umelifukua daftari langu. Nililoandika nililiandika. Siku ile wakaguzi walikuwa watano, wamekuja kuamua kama mwanamke wa hapahapa anaweza kuachiwa shule ya wauguzi aiongoze. Hakuwahi kuwepo mwingine kabla yangu, na walisema wazi kwamba nikishindwa hatawekwa mwingine. Zaidi ya hapo nisiulizwe.

Masharti yangu: kitanda cha dirishani, shuka nizikague kabla, na nisiulizwe tumekula.

Shangazi yako.


4 Juni 1988

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima, na Baba amesema atakuja mwenyewe kukuchukua, goti liume lisiume. Amenunua hata begi.

Daktari alipita tena kukagua chumba, nikamwuliza sheria ya kwanza. Alisimama wima kabisa, mikono ubavuni, mtu mwenye mvi, akasema, "Mgonjwa hachaguliwi, Sista." Mimi sijawa hata sista. Kisha akakaa chini, akacheka, akapangusa uso, akasema, "Basi sina njia. Aje."

Ila ana sharti moja nalo ni zito. Utadungwa sindano ya ganzi ya jicho, hutalala, utakuwa unasikia kila kitu. Anaomba usiseme neno lolote tangu unapoingia mpaka unapotoka. Hata kama kofia ya mtu imepinda. Hata kama taa imewekwa vibaya. Anasema akisikia sauti yako nyuma ya kitambaa hajui mikono itafanya nini. Nilimwombea upunguziwe, tukapatana: unaruhusiwa sentensi moja, mwanzoni, kabla hajashika kisu.

Na mimi sitakuwepo ndani. Nilijipanga niwe zamu siku hiyo, mganga mkuu akanionyesha sheria iliyopigwa msumari ukutani: ndugu wa mgonjwa haingii chumba cha upasuaji, hata akiwa muuguzi. Chini yake kuna saini yako.

Shangazi, naogopa. Nakwambia hivyo kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Kama mikono yake itatetemeka kweli, ni jicho lako. Itafakari vizuri hiyo sentensi moja.

Mtoto wa kaka yako.


23 Julai 1988

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba amerudi salama, ametuambia mlivyosafiri. Anasema ulimkataza abiria wa mbele kupiga chafya bila leso, na abiria akaomba radhi.

Wodi nzima bado inakuzungumzia. Nilikuwa nimejiandaa kusoma maisha yako kwa dakika kumi, tukatumia hamsini kwa sababu uliyasahihisha kutoka kiti cha mbele ukiwa umefungwa bendeji jicho moja. Nilipofika kwenye vyoo ishirini ukasema kwa sauti, "Ishirini na kimoja, kimoja kilibomoka." Watu walipiga makofi. Lakini ukurasa wenyewe umetundikwa ukutani bila kosa hata moja, na mganga mkuu bado ananidai hilo kosa.

Nakuandikia kuuliza jambo moja. Nilisimama nje ya mlango ule dakika arobaini, mgongo ukutani, nikisali kila nilichokumbuka. Mwanzoni nilisikia vyombo vinagongana kwenye trei. Kisha nikasikia sauti yako, maneno sikuyapata, na hayakuwa sentensi moja, Shangazi, hata nje nilihesabu mara ulizovuta pumzi. Kisha mlango ukafunguliwa, daktari akatoka amevua glavu, uso umelowa, akanipita kama hanioni. Nikajua mambo yameharibika. Akarudi ndani, na kuanzia hapo sikusikia kitu chochote.

Nimemwuliza. Anatabasamu tu, anasema niulize mgonjwa. Bendeji imefunguliwa, miwani unayo. Nijibu kwa mwandiko wako, na kalamu yenye wino. Ulimwambia nini?

Mtoto wa kaka yako.


9 Agosti 1988

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mwenyewe, mara moja tu, imetosha. Fundi amenuna. Alikuwa amekwisha kaa mkao wa kusoma na wateja wake wamejipanga. Nimemruhusu asome bahasha.

Ripoti ya mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Umri: sabini na moja. Tabia: msumbufu, alikagua shuka za vitanda vya wenzake bila kuombwa. Jicho la kulia: linaona. La kushoto: linangoja Januari. Miwani ni minene, inamfanya aonekane mwenye hasira, jambo ambalo halimpunguzii kitu.

Nimeona mengi tangu nirudi, na mengine ni heri nisingeyaona. Viatu vyangu vya kutokea, vile Fundi alivyonitengenezea, kimoja ni cheusi na kimoja ni cha kahawia. Nimevivaa miaka miwili. Nilivivaa siku ya ufunguzi, mbele ya mganga mkuu, kiti cha mbele! Nilimwuliza Fundi, akasema ngozi nyeusi ilimwishia, akapanga kuniambia, akaogopa. Mtaa mzima ulijua. Baba yako alinishika mkono njia nzima na hakusema kitu. Nimefikiria sana hilo. Mtu akiogopwa kiasi hicho, hata rangi ya kiatu chake haambiwi.

Sasa la chumba cha upasuaji. Nitakueleza mara moja, usiniulize tena.

Sentensi yangu moja nilikuwa nimeiandaa tangu Juni. Ilikuwa juu ya kunawa. Nilipolazwa nilisikia makosa matatu hata kabla ya kuona chochote, na muuguzi mmoja aliniuliza "tumejisikiaje," nikameza yote manne. Nikafunikwa kitambaa usoni. Kisha nikasikia trei. Koleo linagonga mkasi, mkasi unagonga bakuli. Sauti ile naijua. Nimekaa nayo miaka ishirini na saba.

Mwaka ule wa wakaguzi, mimi nilisimama nyuma ya yule mwanafunzi, karibu sana, napumua shingoni mwake. Yeye alikuwa amejitayarisha kuliko wote. Mikono yangu nilikuwa nimeitia mifukoni mwa aproni. Watu walidhani ni madaha. Niliitia mifukoni kwa sababu ilikuwa haishikiki. Trei ilipoanguka, wakaguzi watano walinigeukia mimi, si yeye, na nikaona njia ya kuokoka. Nikamfukuza palepale, kwa sauti nzuri kabisa. Wakaandika kwamba nina msimamo. Shule nikapewa, wauguzi mia mbili na zaidi wametoka mikononi mwangu, na kila nilipompa mmoja cheti nilimhesabu na yule asiyekuwepo.

Hilo ndilo nililoliandika kwenye ukurasa uliokuja mweupe. Wino uliponiishia pengine ulinionea huruma.

Basi nikamwambia, chini ya kitambaa. Nilimwambia: mwanangu, siku ile tulitetemeka wawili, ripoti ikamwandika mmoja. Nikamwambia aliyestahili kutoka mlangoni ni mimi, na kwamba nimejua hivyo tangu saa ileile. Nikamwomba anisamehe. Nilizidisha sentensi, naam. Hakuna aliyenikatiza.

Kisha nikasikia anavua glavu, anatoka. Hapo ndipo ulipomwona. Aliporudi alikwenda kwanza kwenye bomba, akanawa upya. Nilihesabu, mwanangu, sikuwa na kazi nyingine. Alinawa dakika tano kamili, mpaka kwenye viwiko, kucha moja moja, kama nilivyowafundisha. Ndipo akachukua trei. Trei haikutoa sauti.

Siku bendeji ilipofunguliwa, alikuwa ameinama mbele yangu. Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa uso wake. Zilikuwa kucha, karibu mno na miwani, fupi, safi, kisha vidole, kisha mikono yote miwili. Nikaiomba. Akanipa, kama mwanafunzi anayekaguliwa, viganja chini, halafu viganja juu. Nililia, na sioni aibu kukuandikia. Yeye alilia kabla yangu, kwa hiyo ripoti iseme hivyo.

Nataka ufanye mambo mawili. La kwanza, mwambie mganga mkuu kosa lake limepatikana. Uteremshe ule ukurasa ukutani, uongeze habari za mwanafunzi wa kumi na moja kama nilivyokueleza, usizipunguze wala usizipambe. Mwalimu wako akija akusaidie kuukunja kingo vizuri kabla ya kuurudisha kwenye fremu. Mke wa Fundi naye amempitisha, kwa hiyo hakuna kipingamizi.

La pili, nenda stoo ukalitoe lile daftari la 1961. Palipoandikwa "Isikaribie mgonjwa" usifute, hatufuti ripoti. Piga mstari mmoja ulionyooka, uandike tarehe, na chini yake, kwa wino, uandike kwa niaba yangu:

"Mikono ni mizuri. Nimeikagua mwenyewe, kwa jicho la kulia."

Shangazi yako.